Walioitikia Sijambo

Mvua ilikuwa haijaamua kama inanyesha au inaacha. Mpelelezi alipoingia koridoni mwa hospitali, viatu vyake vilikuwa vimeshiba maji, vikawa vinalia kila hatua, kwich, kwich, kana kwamba vinamsengenya mwenyewe. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye magoti mabovu na mkoba mkubwa wa kwapani, na watu waliomwona mara ya kwanza walidhani amekuja kumtazama mgonjwa. Yeye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Watu husema mengi mbele ya mtu aliyebeba mkoba.

Kwenye benchi la nje ya wodi ya wazazi alikuwa ameketi bibi mmoja mwembamba, kichanga kimeviringishwa shuka la hospitali mapajani mwake. Mke wa mwanawe, mama wa kichanga hicho, alikuwa chumba cha maiti tangu juzi. Alijifungua salama, kisha damu ikakataa kusimama. Daktari akaomba damu kwa kompyuta, kompyuta ikamjibu kwamba ombi limepokelewa, na damu haikuja. Ilipokuja, imekumbatiwa na nesi aliyeamua kuikimbilia mwenyewe, mtu wa kuwekewa hakuwepo tena.

Bibi yule alikuwa anamsalimia kila apitaye. Daktari, mfagiaji, hata msukuma kitanda cha maiti, kile ambacho hakuna anayekiangalia mara mbili. "Hujambo, baba? Hujambo, mama?" Ndivyo alivyolelewa, na msiba haukumpa ruhusa ya kuacha.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo," mpelelezi akajibu, akaketi kwa awamu, goti moja kwanza. "Na wewe hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Sijambo kabisa." Akajifuta macho kwa pindo la shuka la mtoto. "Umempata?"

"Nani?"

"Aliyezima. Wanasema kuna mtu alizima mashine."

"Wanasema."

"Basi mlete nimwone. Sitampiga, mikono yenyewe iko wapi? Nataka uso tu. Huyu akikua ataniuliza, na mimi siwezi kumwambia mama yako aliuawa na kompyuta. Hata mimi mtu akiniambia hivyo nitacheka."

Hakucheka. Mpelelezi akainuka. Jalada lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka alasiri hiyo hiyo, na jina lililokuwa limekwisha kuandikwa juu yake lilikuwa la fundi mmoja wa kompyuta, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Pacha. Mapacha wenyewe walikuwa kwa jirani tangu jana, na jirani alikwisha kupiga simu kituoni kuuliza mama yao anarudi au afanyeje.

Chumba cha mafundi kilikuwa ghorofa ya juu. Kilikuwa na harufu ya koti lililokaukia kitini, vikombe ambavyo kila mtu alidhani ni vya mwenzake, na feni iliyosaga meno. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa na skrini moja kubwa, na kwenye skrini vibao vitatu. Viwili vilikuwa vya kijani. Cha tatu kilikuwa cha kijivu, rangi ya maji ya kufulia.

Fundi aliyebaki aliitwa Msumari. Ukimwona hukuwa na haja ya kuuliza kwa nini.

"Hiki kitu kinaitwaje?" mpelelezi akauliza.

"Dashibodi, Afande. Ni programu huria. Hakuna aliyetuuzia. Imeandikwa na watu huko duniani wakaiacha wazi, anayetaka anaichukua, anayetaka anaipasua tumbo aone utumbo."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Mimi kitu cha bure hunitia wasiwasi."

"Kina miaka hapa, hakijawahi kutudanganya."

"Haya. Nieleze kama unamweleza shangazi yako."

Msumari akacheka kidogo, kisha akakumbuka siku yenyewe, akaacha. "Na kweli Shangazi yupo. Tazama. Programu ya hospitali ni moja, ile madaktari wanayofungua kuomba dawa, vipimo, damu. Lakini tumeiwasha kwenye mashine tatu. Nakala tatu, kazi moja. Ikianguka moja, mbili zinabeba. Tumezipa majina. Hii ya kijani ni Shangazi, maana haimkatalii mtu. Hii ni Kitindamimba, ndiyo mpya. Na ile ya kijivu ni Babu. Mashine yake ni ya zamani, kila siku ina malalamiko."

"Na rangi?"

"Dashibodi inawapitia mmoja mmoja, mchana na usiku, inawauliza: hujambo? Anayejibu sijambo, kibao chake kijani. Anayesema naumwa, chekundu. Aliyezimwa au asiyejibu, kijivu."

"Anajuaje kama hajambo?"

"Anajipapasa kwanza. Anapapasa kumbukumbu yake, anapapasa hifadhi ya majina ya wagonjwa, anapapasa laini ya kwenda stoo ya damu. Vyote vikiwa vizima ndipo anaitika. Kimoja kikifa, anasema naumwa."

"Na mkiona nyekundu?"

"Tunapigia simu wodi zote. Msiamini kompyuta, tumeni mtu kwa miguu. Nesi anachukua karatasi anakimbia stoo. Ndio utaratibu wetu, haujawahi kushindwa."

"Juzi mlipiga simu?"

Msumari akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. "Juzi kulikuwa kijani, Afande. Shangazi kijani, Kitindamimba kijani. Babu peke yake ndiye aliyekuwa mwekundu, na Babu si unajua. Wazee hao ukiwauliza hujambo wanakutajia goti, mgongo, mpaka jino walilong'oa ujanani. Mama Pacha akasema Babu anaumwa, tumpumzishe. Akamzima. Nilikuwepo, na Mkuu pia. Hata mimi ningemzima."

"Nani anaruhusiwa kubonyeza humu?"

"Watatu. Mama Pacha, mimi, na Mkuu."

"Kila mtu na jina lake?"

"Jina moja, nywila moja. Msimamizi."

"Kwa hiyo dashibodi ikiulizwa nani kafanya jambo..."

"Itakwambia msimamizi."

"Hodari," mpelelezi akasema. "Na sisi polisi tungekamata watu kwa mtindo huo, jela zingefungwa zikawa kumbi za harusi."

Mkuu wa kitengo akaingia wakati huo, mtu nadhifu, sweta lake halina hata uzi mmoja uliotoka nje ya mstari. Alikuwa na neno moja alilolipenda sana, neno la watu waliosoma wanapotaka usiulize zaidi.

"Kitaalamu, Afande, hakuna la kuchunguza. Maombi ya damu yalikuwa yanapitia Babu. Mama Pacha kamzima Babu mbele ya shahidi. Maombi yakapotea. Nimeandika yote kwenye maelezo yangu."

"Nimeyasoma. Umeandika pia kwamba pengine ni mdukuzi kutoka nje."

"Pengine. Kitaalamu yote mawili yanawezekana."

"Wote wawili siku moja? Basi mna mikosi." Mpelelezi akatoa simu yake mkobani, akaigongagonga. "Samahani, hii yangu nayo imeganda."

"Zima, washa," Mkuu akasema bila kuitazama. Feni ikasaga meno. "Na hiyo pia, Msumari. Zima, washa."

Msumari akazima, akawasha. Feni ikaendelea pale pale ilipoishia. Mkuu alipotoka, Msumari akainama kidogo. "Ndiyo dawa yake hiyo, Afande. Printa ikigoma, zima washa. Taa ikipepesa, zima washa. Sisi tunasema siku mkewe akinuna, maskini, atamtafutia swichi."

Stoo ya damu ilikuwa chini kabisa, chini ya ngazi, pahali ambapo mwanga ulifika umechoka. Majokofu yalinguruma. Mtunza stoo alikuwa mtu mzima mwenye sauti kubwa, ya mtu anayezungumza na majokofu kutwa.

"Nimesikia mnasema nililala!" alianza kabla hajaulizwa. "Kengele ile ikilia inaamsha waliokufa. Sikiliza mwenyewe." Akabonyeza. Ililia kweli. Kisha wote wawili wakanyamaza, maana chumba cha maiti kilikuwa mlango wa pili.

"Ombi likija, inalia yenyewe?"

"Inalia, na jina la mgonjwa linatokea hapa. Juzi haikulia. Nikakaa, nikanywa chai yangu. Nikasema leo siku njema, hakuna anayevuja damu." Sauti ikampungua. "Mimi ndiye niliyesema hivyo, Afande. Nilisema kwa mdomo wangu huu."

Mpelelezi akamwacha apumue. Macho yake yalikuwa ukutani, juu ya meza, ambapo palining'inia kisanduku cha waya kilichofunikwa mfuko wa plastiki, mfuko umefungwa kamba kama tumbo la mbuzi. Juu yake dari lilikuwa na doa la maji, na chini ndoo.

"Hiki ni nini?"

"Ndiyo laini yenyewe. Waya za kutoka juu zinaingia humo. Dari linavuja mvua ikinyesha, nikakivisha mfuko."

"Lini?"

"Siku ile ya wageni. Hao wafadhili waliokuja kutazama mitambo. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, kisanduku kikalowa, taa yake ikazimika. Nikapiga simu juu kwa mafundi, wageni hawajafika hata getini. Kisha nikakifuta, nikakivisha mfuko. Jua lilipotoka kikapona."

"Nani alipokea simu?"

"Mwanamume. Alisema, nimesikia, akakata. Walikuwa na pilikapilika."

"Juzi mvua ilinyesha pia. Taa ya kisanduku ilikuwa imewaka?"

Mtunza stoo akautazama mfuko, mweusi, mnene, usioonyesha kitu. "Sikuona, Afande. Nilikifunika."

Mpelelezi akapanda ngazi polepole, mkono kwenye reli. Mwanamume alipokea simu. Kitengo kilikuwa na wanaume wawili. Kwenye kona ya ngazi hospitali ilikuwa imetundika picha mpya, kioo chake bado kina alama za vidole: wageni wenye makoti mazuri wamesimama chumba cha mafundi, Mkuu katikati yao amenyoosha mkono kuelekea ukutani kama anayetambulisha bibi harusi. Msumari alikuwa pembeni ameshika sinia la soda. Nyuma ya vichwa vyao vilionekana vibao. Shangazi kijani. Kitindamimba kijani. Babu kijivu.

Dirishani kwenye picha hiyo, mvua ilikuwa inanyesha.

Alisimama hapo mpaka nesi mmoja akamuuliza kama magoti yanamsumbua.

"Yananisumbua," mpelelezi akasema. "Yenyewe angalau yanasema."

Mama Pacha alikuwa amefungiwa katika chumba cha vifaa vibovu, kati ya skrini zilizopasuka na viti vya miguu mitatu, askari mlangoni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, blauzi yake ina doa la uji wa watoto begani. Uji wa jana.

"Ulimzima Babu?"

"Nilimzima."

"Kwa nini?"

"Alikuwa mwekundu. Wenzake wawili wazima, yeye anaumwa. Watatu wanatazama kitu kimoja, wawili wanasema kipo, mmoja anasema hakipo. Utamwamini nani?"

"Siku ya wageni Babu alikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimemzima mimi, nambadilishia diski chumba cha seva. Nilikaa naye humo kutwa. Wageni hata sikuwaona, soda nilisikia ilikuwepo."

"Aliporudi?"

"Akawa kijani siku zote. Kulikuwa na jua." Akakunja uso. "Kwa nini nimesema jua?"

"Endelea nalo. Mtu anaweza kuifundisha nakala isijipapase sehemu fulani?"

"Anaweza. Kwenye dashibodi kuna ukurasa wa mipangilio. Unaichagua nakala, unaiambia usiangalie laini ya stoo, unabonyeza. Kuanzia hapo laini ife isife, itaitika sijambo."

"Na amri hiyo inaandikwa wapi?"

"Haiandikwi. Inakaa kichwani mwa nakala tu. Ukiizima na kuiwasha inasahau, inaamka kama ilivyozaliwa."

"Aliyezimwa siku hiyo asingeambiwa."

"Asingeambiwa. Hayupo, utamwambiaje?"

Maneno yakamtoka, kisha yakamrudia. Mpelelezi hakumsaidia. Mama Pacha aliziba mdomo kwa mikono miwili, na sauti iliyotoka nyuma ya mikono ilikuwa ndogo sana.

"Babu hakuwa anaumwa."

"Hapana."

"Alikuwa anatuambia. Yeye peke yake alikuwa anatuambia laini imekufa, na mimi nikamnyamazisha. Afande, mimi nimemnyamazisha. Yule mama..."

"Kwa nini hukuwakagua wale wawili?"

"Nani anamkagua mtu aliyesema sijambo? Unamkagua anayelia."

Mpelelezi alitazama pembeni, kwenye skrini iliyopasuka. Alikuwa ameuliza hujambo asubuhi, kwenye benchi, akaitikiwa sijambo kwa heshima na mwanamke ambaye machozi yalikuwa hayajakauka.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Aliyewafundisha wale wawili uongo alijua wekundu wa Babu ni wa kweli. Mtu huyo asingemzima Babu mbele ya shahidi na kumwita mwenzake aje aone. Angemwendea kimyakimya kwenye ukurasa ule ule, naye angekuwa kijani. Wewe ulimzima kwa sababu hukujua. Hilo limekutoa wewe. Sasa wamebaki wawili, na dashibodi inasema wote wanaitwa msimamizi."

"Nikifungua ukurasa utaiona amri, lakini haitasema mkono wa nani."

"Ndiyo maana hufungui. Jifute uso. Twende juu."

Waliingia chumba cha mafundi wote watatu, yeye, Mama Pacha na askari. Mkuu alisimama ghafla. Msumari naye akasimama, akamsogezea Mama Pacha kiti bila kuuliza kama inaruhusiwa. Nje mvua ilikuwa imeamua sasa, inanyesha kwa moyo wote.

"Nina jambo dogo tu," mpelelezi akasema, akajikuna goti. "Kabla sijaandika ripoti yangu nataka nione hawa jamaa zenu wakizimwa wanakuwaje. Nizimie Shangazi, kisha muwashe."

"Sasa hivi?" Msumari akauliza.

"Sasa hivi."

"Haya. Kitindamimba atabeba." Akavuta kiti, mkono ukaenda kwenye kipanya.

"Usiguse!"

Alikuwa Mkuu. Sauti yake ilipanda juu kuliko alivyokusudia, ikabidi aishushe mwenyewe. "Kitaalamu, Afande, hizi ni saa za kazi. Wodi zinatumia. Huwezi kuzima nakala hivi hivi."

"Mkuu," Msumari akasema taratibu, "si wewe huwa unasema..."

"Nimesema usiguse!"

Feni ikasaga meno. Hakuna aliyesema zima, washa.

Mpelelezi akaiangalia feni, kisha akamwangalia Mkuu. "Asubuhi simu yangu iliganda, ukanipa dawa hata hujaitazama. Feni ilipolia, dawa ni ile ile. Wenzako wananiambia huna nyingine. Mgonjwa huyu mmoja tu ndiye amekatazwa?"

"Ni tofauti."

"Tofauti yake nini? Akizimwa akawashwa, atasahau nini, Mkuu?"

Mkuu akafungua mdomo. Neno lake la siku zote halikuja.

"Msumari ameshika kipanya," mpelelezi akasema, "hajui anachokwenda kufuta. Angekuwa yeye aliyewafundisha, mkono ungetetemeka. Wewe hata hujagusa kitu, na sweta lako limelowa kwapani. Bonyeza, kijana."

Msumari akabonyeza.

Kibao cha Shangazi kikawa kijivu. Wakangoja. Kulikuwa na mvua tu, na feni, na mtu mmoja anapumua kwa pua. Kisha Shangazi akaamka, akajipapasa, akaulizwa hali.

Kibao kikawa chekundu.

Mama Pacha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Hakuomba ruhusa. Alimpita askari akaivamia simu ya mezani. "Wodi zote! Laini ya damu imekufa, imekufa sasa hivi! Msiamini kompyuta, tumeni watu kwa miguu! Nani ameomba damu tangu mvua ianze?... Upasuaji? Imewaambia imepokelewa? Haijapokelewa! Kimbieni! Mtu akimbie!"

Korido ya chini ikajaa miguu. Walisikia mlango wa ngazi ukigonga ukuta, viatu vikishuka, sauti kubwa ya mtunza stoo ikipokea jina la mgonjwa kwa mdomo badala ya kengele. Hakuna aliyeketi. Msumari alikuwa amemzima Kitindamimba na kumwasha bila kuambiwa, naye akaamka mwekundu. Kisha akamwasha Babu. Babu akajipapasa kwa muda mrefu kuliko wote, kama kawaida yake, akasema lile lile alilosema juzi.

Ukuta mzima ukawa mwekundu, na nyuso zao zikawa nyekundu chini yake.

Simu ikalia. Mama Pacha akasikiliza, akaegemea meza. "Imefika. Wamemwekea. Yuko hai." Akarudisha simu mahali pake, akaanza kulia kwa sauti, yule ambaye hakulia walipomfungia.

Mkuu alikuwa ameketi. Hakuna aliyemwona akiketi.

"Ilikuwa ya saa moja tu," akasema. "Mtunza stoo alipiga simu, na wageni wako njiani. Shangazi na Kitindamimba wakawa wekundu. Wangeingia waone hivyo? Tumewaomba mashine mpya miaka yote hii. Nikasema niwanyamazishe, wageni wakiondoka nirudishe."

"Wakaondoka."

"Wakaondoka. Wakasifu. Na wiki ile hakuna aliyenipigia simu, Afande. Hakuna kelele. Hakuna nyekundu. Nilikuwa naingia asubuhi naona kijani..." Akatazama mikono yake. "Nikasema kesho nitarudisha."

"Na juzi Babu alipokuwa mwekundu?"

Mkuu akanyoosha pindo la sweta lake.

"Ulikuwepo. Ulimwona. Ulijua ni kweli."

"Nilifikiri kuna mvua kidogo tu. Nilifikiri itapita."

"Na maelezo yako, yale ya kumlaumu Mama Pacha, uliyaandika kabla yule mama hajaoshwa. Hayo nayo ulifikiri yatapita?"

Msumari alikuwa amegeukia dirishani. Mabega yake membamba yalipanda na kushuka. Mpelelezi akalichukua jalada kutoka kwapani mwa askari, akachomoa kalamu mkobani, akalikata jina lililokuwa juu yake kwa mstari mmoja, akaandika jingine. Kisha akamwambia Mama Pacha aende nyumbani.

"Siwezi, Afande. Laini haijapona. Nani atapiga simu?"

"Mapacha?"

"Jirani amewapa uji. Nitakwenda mvua ikiacha."

Basi akabaki, ameketi chini ya ukuta ule mwekundu, mkono juu ya simu.

Wakati wa kushuka, Mkuu aliomba wapitie ngazi za nyuma.

"Zimelowa," mpelelezi akasema. "Magoti yangu hayawezi."

Wakapita koridoni. Askari nyuma, Mkuu katikati, sweta bado limenyooka. Viatu vya mpelelezi vililia mbele yao. Bibi alikuwa pale pale benchini, anakibembeleza kichanga, anawasalimia wapitao. Alimwona mwanamume nadhifu anamkaribia. Hakumjua. Hakuna aliyekuwa amemwambia bado. Akainua uso, akamsalimia kama alivyowasalimia wote.

"Hujambo, baba?"

Mkuu akasimama. Midomo yake ilijipanga tayari, maana neno hilo mtu huliitika hata usingizini. Halikutoka. Alijaribu tena. Bibi akangoja, uso umeinuliwa, kwa adabu, mtoto mkononi, na kadiri alivyongoja ndivyo uso wake ulivyobadilika, polepole, mpaka alipoacha kumbembeleza mtoto.

Mpelelezi akaketi kando yake. Akanyoosha mikono.

"Nipe nikushikie mtoto, mama," akasema. "Uso ulioutaka ndio huu."